Kishikwambi Kipya cha Siku Nne: Kirudishwe Dukani au Kibaki?

SWALI: Mimi ni muuguzi, naishi Morogoro. Ijumaa iliyopita nilinunua kishikwambi cha Android chenye kioo cha inchi 10.1 kwa shilingi 420,000. Boksi limeandikwa RAM GB 8 na hifadhi GB 128. Mwaka 2022 nilikuwa karani wa Sensa, na kile kishikwambi tulichopewa nilikipenda sana, ndiyo maana nikatamani kuwa na changu. Siku ya kwanza nilifurahia ukubwa wa kioo. Sasa ni siku ya nne na naona mambo: herufi hazikolei kama kwenye simu yangu ya inchi 6.5, mkono unachoka, chaji inachukua karibu saa nne, Netflix ina ukungu, nikitoka kwenye programu moja kwenda nyingine kinasuasua, na nilipoweka WhatsApp, ile ya kwenye simu ikajifunga. Dukani wamenipa siku saba za kukirudisha. Je, nimeuziwa kibovu au ni ugeni wangu tu?

JIBU: Dada yangu, nakujibu moja kwa moja kwa sababu siku zako saba zinakwisha Ijumaa. Suala la WhatsApp si hitilafu, na unaweza kulimaliza leo kwa dakika chache. Uzito, muda wa chaji na herufi zisizokolea ni maumbile ya kifaa chenyewe: hayatabadilika kwa kuzoea wala kwa kupelekwa kwa fundi, na ni wewe utakayeamua kama unaweza kuishi nayo. Netflix nitaieleza, kwa kuwa ina siri yake. Linalonitia wasiwasi ni huko kusuasua, likiunganishwa na hayo maneno "RAM GB 8" yaliyo kwenye boksi, na ningependa siku tatu zilizobaki uzitumie kulichunguza hilo kuliko jambo jingine lolote.

Ninayatenganisha mambo haya kwa sababu kishikwambi ni kifaa kinachoficha tabia yake siku za mwanzo. Dukani huwashwa mwanga wote, huchezeshwa video iliyochaguliwa kwa rangi zake, na mnunuzi huona kioo, wembamba na jinsi kidole kinavyoteleza. Yale yatakayoamua kama baada ya mwaka mmoja bado utakuwa unakishika kwa hamu, yaani kumbukumbu ya RAM (nafasi ya kazi ya kifaa), aina ya hifadhi, nguvu ya chipu kuu (ubongo wa kifaa) na muda ambao mtengenezaji ataendelea kukiletea masasisho ya usalama, hayaonekani kwa macho. Kwa hiyo usizitumie siku hizi kukizoea. Kisumbue makusudi, ukifanyishe kazi nzito kuliko utakayokifanyisha kawaida, ili kasoro ambayo ingejitokeza mwezi wa tatu ijitokeze sasa, ukiwa bado na haki ya kukirudisha.

Tuanze na WhatsApp. Uliposajili namba yako upya kwenye kishikwambi, huduma hiyo ilielewa kuwa umehamia kifaa kipya, ikafunga akaunti kwenye simu. Njia sahihi ni kukiunganisha kishikwambi kama kifaa cha ziada. Sajili namba yako tena kwenye simu, na ukiulizwa kuhusu kurejesha nakala ya mazungumzo, kubali. Kisha fungua WhatsApp kwenye kishikwambi, uchague kuunganisha na akaunti iliyopo, na itatokea alama ya mraba yenye vidoti. Ichanganue kwa simu kupitia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Akaunti moja inaruhusu vifaa vinne vya namna hiyo zaidi ya simu yenyewe, kwa hiyo vyote viwili vitafanya kazi pamoja.

Kuhusu mkono kuchoka, hakuna kasoro hapo. Tarehe 27 Januari 2010, Steve Jobs alipoionyesha iPad ya kwanza huko San Francisco, aliketi kwenye kiti cha mapumziko na kuipakata mapajani. Ilikuwa na kioo cha inchi 9.7 na uzito wa takriban gramu 680, na yeyote aliyewahi kuishika kwa mkono mmoja anajua kwa nini aliketi. Vishikwambi vya leo vya inchi 10 vimepungua hadi kama nusu kilo, lakini hiyo bado ni zaidi ya mara mbili ya simu ya kawaida. Nunua kava linaloweza kukisimamisha mezani, na ukisoma kitandani kiegemeze kwenye mto. Kama ulitarajia kukishika kama simu ukiwa kwenye daladala, hapo ni kweli umechagua ukubwa usiokufaa, na kipo cha inchi 8 ambacho kingekutosha zaidi.

Herufi zinahitaji hesabu kidogo, na matokeo yake huwashangaza wengi. Simu nyingi za bei ya wastani zenye kioo cha inchi 6.5 zina nukta za picha (pikseli) 1600 kwa 720, yaani jumla ya nukta 1,152,000. Vishikwambi vingi vya bei nafuu vya inchi 10.1 vina nukta 1280 kwa 800, yaani jumla ya nukta 1,024,000. Maana yake kioo chako kikubwa kina nukta chache kuliko cha simu, na nukta hizo chache zimetandazwa kwenye eneo ambalo ni karibu mara tatu. Ukipima kwa inchi moja ya mstari, simu ina nukta kama 270 na kishikwambi kina kama 149. Jicho lako halikudanganyi. Kishikwambi cha ukubwa huohuo chenye nukta 1920 kwa 1200 hufikia takriban 224 kwa inchi, na kwa kuwa macho hukaa mbali kidogo na kishikwambi kuliko na simu, herufi zake huonekana safi.

Hapa nitasema maoni yangu bila kuzunguka. Kwa mtu wa kutazama katuni na taarifa ya habari, nukta 1280 kwa 800 zinatosha, wala sioni sababu ya kuongeza pesa. Kwa muuguzi atakayesoma miongozo ya matibabu yenye kurasa mia mbili, majedwali ya vipimo vya dawa na herufi ndogo za chini ya ukurasa, hazitoshi. Jedwali la dozi si mahali pa kubahatisha kama nukta ya desimali ipo au haipo. Pakua programu ya bure iitwayo CPU-Z, ufungue sehemu inayoeleza kifaa, na utaona idadi halisi ya nukta za kioo. Linganisha na kilichoandikwa kwenye boksi. Kama boksi linasema 1920 kwa 1200 na programu inaonyesha 1280 kwa 800, huna haja ya kuendelea kusoma jibu hili. Kirudishe.

Chaji ya saa nne ni jambo la kawaida kwa vifaa vya ukubwa huo. Betri ya mAh 7000, ambayo ni ya kawaida kwa kishikwambi cha inchi 10, hubeba nishati ya takriban wati-saa 27. Chaja ndogo inayokuja ndani ya boksi mara nyingi ni ya wati 10. Hata kama hakuna kinachopotea njiani, hiyo ni karibu saa mbili na dakika arobaini, na kila mara kipo kinachopotea kama joto. Zaidi ya hapo, betri za lithiamu hupunguza kasi ya kupokea chaji zinapokaribia kujaa, kwa hiyo sehemu ya mwisho huchukua muda mrefu. Jambo la kuangalia ni joto tu: kikichajiwa kikawa cha moto kiasi cha kutoshikika vizuri, hiyo ni dalili mbaya na ni sababu ya kukirudisha. Usikichaji juu ya godoro wala ndani ya kava zito.

Sasa Netflix. Inawezekana intaneti yako haina tatizo lolote. Kampuni zinazouza filamu kwa njia ya mtandao huuliza kifaa kina ngazi gani ya ulinzi dhidi ya kunakiliwa. Kwenye Android ulinzi huo unaitwa Widevine, na una ngazi zinazotajwa kama L1 na L3. Kifaa chenye L1 hupewa picha safi. Chenye L3 hubanwa kwenye picha ya hadhi ya chini, ya mistari 480, hata kama kioo chake kina uwezo mara mbili ya hapo na bando lako ni la kasi. Kuipata L1 kunahitaji mtengenezaji apitishe kifaa chake kwenye ukaguzi, na watengenezaji wengi wa vifaa vya bei ya chini huiruka hatua hiyo. Programu iitwayo DRM Info itakuonyesha ngazi ya kifaa chako. Ukikuta L3, fahamu kuwa hakuna mpangilio wa kubonyeza ukaigeuza. YouTube haihusiki na kizuizi hiki kwa video za kawaida, kwa hiyo kama Netflix ina ukungu na YouTube ni safi, umeshapata jibu hata kabla ya kupakua chochote.

Tufike kwenye kusuasua, ambako ndiko kwenye uzito wa swali lako.

Kwanza nikitendee haki kifaa. Siku mbili tatu za mwanzo si siku za kukipimia kasi. Ulipoingiza akaunti yako ya Google, kilianza kupakua programu zako zote, kuzisasisha, kuvuta picha na mawasiliano, na kuzipanga upya programu hizo ili zifunguke haraka. Kazi hiyo ya kupanga Android huifanya hasa wakati kifaa kimetulia na kipo kwenye chaji. Mtu anayekishika mchana kutwa, kisha akakizima usiku ili kutunza betri, hukinyima nafasi ya kuimaliza. Kwa hiyo usiku wa leo kiache kwenye chaji, kikiwa kimeunganishwa na Wi-Fi, bila kukizima. Asubuhi nenda kwenye Mipangilio ukamilishe masasisho yote ya mfumo, ukizime na kukiwasha upya, ndipo uanze kukihukumu. Kama kusuasua kutakuwa kumekwisha, ulikuwa ugeni wa kifaa na si wako.

Kama kutaendelea, fungua sehemu ya Mipangilio inayoeleza habari za kifaa na utafute RAM. Nashuku utakuta imeandikwa GB 4 + GB 4. Huu ni mtindo ulioenea sana katika vishikwambi na simu za bei nafuu, nami unaniudhi kwa dhati, kwa sababu unamlenga hasa mnunuzi asiye na wa kumuuliza. RAM ni meza ya kazi ya kifaa: kila programu unayoifungua huwekwa juu yake. Meza ikijaa, mfumo hufunga zile usizozitazama, na ukirudi kwenye programu iliyofungwa huanza kufunguka upya. Huko ndiko kusuasua unakokuona unapohama kutoka moja kwenda nyingine. GB 4 za kwanza ni meza halisi. GB 4 za pili si RAM kabisa, bali ni sehemu ya hifadhi iliyotengwa ili mambo yasiyotumika kwa sasa yapelekwe huko kwa muda.

Tofauti ya kasi kati ya viwili hivyo ni kubwa mno. RAM halisi hupitisha gigabaiti kadhaa kwa sekunde. Hifadhi ya aina ya eMMC, inayotumika katika vishikwambi vingi vya bei ya chini, kikomo chake cha juu kabisa kwa kiwango cha 5.1 ni megabaiti 400 kwa sekunde, na kwa kazi ndogondogo zilizotawanyika hushuka mbali chini ya hapo. Juu ya yote, hifadhi ya namna hii huchakaa kwa kuandikwa, na kuigeuza meza ya kazi huongeza kuandikwa huko. Ushauri wangu, ukiamua kubaki nacho, ni kuizima nyongeza hiyo kwenye Mipangilio kama kinaruhusu, kisha ukipime upya. Kwenye vifaa vingine mwenye kifaa hukuta kinakwenda vizuri zaidi bila hiyo nyongeza.

Hifadhi nayo inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayowageuka watu wakiwa wameshajiridhisha. Katika hifadhi ya aina hii data haiandikwi juu ya data nyingine: lazima sehemu ifutwe kwanza ndipo iandikwe upya, na kufuta hufanyika kwa mafungu makubwa. Hifadhi ikiwa tupu, daima kuna nafasi safi ya kuandikia, na kila kitu huwa chepesi. Ikijaa, chipu ya hifadhi hulazimika kuhamisha data huku na huko ili kupata fungu la kufuta kabla ya kuandika hata herufi moja. Ndiyo maana kishikwambi kitupu cha siku nne hukuonyesha kasi ambayo huenda usiione tena.

Mfano unaojulikana vizuri ni Nexus 7 ya mwaka 2012. Google walikizindua mwezi Juni mwaka huo, kikiwa kimetengenezwa na Asus, kwa dola 199 kwa chenye hifadhi ya GB 8, na kilisifiwa sana na karibu kila aliyekishika wiki za mwanzo. Sifa hizo zilikuwa za kweli. Miezi ilipopita na hifadhi zikajaa, wenye navyo wakaanza kulalamika kwamba vimekuwa vizito kiasi cha kukatisha tamaa. Sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa kwamba mfumo haukuwa ukiiambia chipu ni data ipi imeshafutwa na mtumiaji, kwa hiyo chipu iliendelea kuitunza na kuihamisha takataka. Android 4.3, iliyotoka Julai 2013, ilileta amri ya kusafisha kwa zamu, na hali ikawa nafuu. Vifaa vya leo vyote vina amri hiyo, lakini mwenendo wa hifadhi dhaifu inayokaribia kujaa haujaondoka.

Nami nina habari yangu katika hili. Miaka kadhaa iliyopita nilimnunulia mama yangu kishikwambi cha bei nafuu ili aone picha za wajukuu na kuzungumza nao kwa video. Wiki ya kwanza alinipigia simu kusema kibodi "inamfuata nyuma", yaani anamaliza kuandika neno ndipo herufi zinatokea moja moja. Nilimwambia asubiri, kwamba ni kipya na kitatulia. Muda wa kukirudisha ukapita. Miezi miwili baadaye, kilipojaa picha na video za familia, kilikuwa kinaganda kila alipopokea simu ya video, naye akarudi kwenye simu yake ndogo bila kuniambia ili asinihuzunishe. Aliyoyaona mama wiki ya kwanza yalikuwa ushahidi kamili, nami ndiye niliyeupuuza. Kwa hiyo unaposema kinasuasua, siwezi kukwambia tu uvumilie.

Ulitaja kishikwambi cha Sensa, na naona kumbukumbu yake inakufanya ujilaumu. Usijilaumu. Neno kishikwambi lenyewe wengi tulilizoea kwa sababu ya Sensa ile ya tarehe 23 Agosti 2022, na vifaa vile baadaye viligawiwa walimu, kwa hiyo Watanzania wengi wamekipimia kishikwambi kwa kile cha kazi. Lakini kile ulikipewa kwa kazi moja: ulifungua dodoso, ukajaza, ukatuma. Hakikuwa na picha zako, wala WhatsApp yenye magroup kumi na tano, wala michezo ya watoto, wala filamu. Kifaa chochote kinachofanya jambo moja huonekana chepesi. Kulinganisha hicho na kishikwambi cha nyumbani kinachobebeshwa kila kitu si haki kwa kifaa wala kwako.

Kuna neno jingine la kwenye boksi la kuangalia, nalo ni lile linalosema chipu kuu ina viini vinane, yaani sehemu nane zinazogawana kazi za kifaa. Viini vinane vinaweza kuwa vinane vidogo. Unisoc SC9863A, kwa mfano, ina viini vinane na vyote ni vya aina ya Cortex-A55, ambavyo vimebuniwa kwa kubana matumizi ya betri. Unisoc T606 nayo ina viini vinane, lakini viwili kati yake ni Cortex-A75, vyenye nguvu zaidi, na hivyo viwili ndivyo unavyovihisi kidole kinapogusa kioo. CPU-Z hiyohiyo itakutajia jina la chipu na aina ya viini. Ukikuta A75 au A76 hata viwili, moyo utulie kidogo. Ukikuta A53 au A55 peke yake, au A35, basi kusuasua huko ni kwa kudumu.

Asubuhi baada ya usiku wa kuchaji, fanya hivi. Fungua programu tano utakazozitumia kweli, kwa mfano kisoma PDF chenye mwongozo mrefu, kivinjari, WhatsApp, YouTube na kamera, kisha rudi kwa ya kwanza. Kama mwongozo uko palepale ulipouacha, meza inatosha. Kama unaanza kufunguka upya kuanzia ukurasa wa kwanza, na hali hiyo ikajirudia kila mara, meza ni ndogo kwa kazi zako. Kwa maoni yangu, GB 4 halisi zinaweza kukubeba kwa kujibana, na GB 6 zingekubeba kwa raha.

Halafu ijaze hifadhi. Chukua filamu au video kubwa kutoka kwenye kompyuta ya rafiki na uzinakili hadi nafasi iliyotumika ifike kama asilimia 80, kisha uzifungue zile zilizoingia mwisho uone kama zinacheza hadi mwisho wake. Zoezi hili lina faida mbili. Linakuonyesha kifaa kitakavyokuwa kikijaa, na linafichua hifadhi ya uongo, kwa maana vipo vifaa vilivyochezewa ili vionyeshe ukubwa visio nao, na data inayozidi ukubwa halisi huharibika kimya kimya. Ukikuta mfumo wenyewe umeshakula GB 15 au 20 kati ya zile 128, hilo ni la kawaida na halihesabiki kuwa udanganyifu.

Mambo mengine ni ya dakika moja moja. Angalia tarehe ya sasisho la usalama kwenye Mipangilio. Google hutoa taarifa za usalama wa Android kila mwezi tangu Agosti 2015, kwa hiyo kifaa kinachouzwa kama kipya kikiwa na sasisho la zaidi ya mwaka mmoja uliopita, na kisicholeta jipya unapokiagiza kitafute, kimeachwa na mtengenezaji wake, nami nisingekiwekea huduma za benki. Fungua mipangilio ya Play Store, sehemu ya maelezo, uone kama kimethibitishwa na Play Protect, ulinzi wa Google wenyewe. Kama kina sehemu ya laini, piga *#06# upate namba ya IMEI kisha uitume kwa ujumbe kwenda 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki vifaa. Unakumbuka simu bandia zilivyozimwa Juni 2016, na kishikwambi chenye laini kina IMEI kama simu. Fungua pia programu yoyote ya kuchorea uburuze kidole kioo kizima, kona kwa kona. Mstari ukikatika mahali palepale kila mara, kioo kina sehemu iliyokufa.

Ukiniuliza ningefanya nini ningekuwa wewe, nitakujibu kwa kadiri ya ulichonieleza. Nikikuta RAM ni GB 4 + GB 4, kioo ni nukta 1280 kwa 800 na kusuasua hakujaisha baada ya usiku wa masasisho, ningekirudisha, hata kama mwenye duka angesema hivyo ndivyo vilivyo vyote. Sisemi hivyo kwa sababu kifaa ni kibovu, maana huenda kwa mtoto wa darasa la tatu kingefaa kabisa. Ninasema hivyo kwa sababu wewe ulilipia GB 8, na kazi yako ni kusoma. Nikikuta RAM ni GB 8 kweli na kioo ni kile cha nukta nyingi, ningebaki nacho, nikasamehe Netflix na uzito. Na kama kusuasua kumekwisha lakini RAM ni ile ya kujumlisha, ningekwenda kujadiliana: nibadilishiwe kwa chenye RAM halisi kubwa zaidi kwa kuongeza kidogo, au nirudishiwe tofauti.

Unapokwenda usiende na hasira, kwa sababu mara nyingi muuzaji mwenyewe amesoma boksi kama ulivyolisoma wewe. Nenda na risiti ya EFD, boksi lenyewe, chaja na kila kilichokuwamo, pamoja na picha za kurasa za Mipangilio na CPU-Z zilizopigwa kwa simu yako. Mwonyeshe kilichoandikwa nje na kilichopo ndani, uviweke sambamba. Akikataa katakata, fahamu kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu sifa za bidhaa, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Kuitaja tu kwa upole mara nyingi hufungua mazungumzo upya.

Kabla hujatoka nyumbani, hamisha picha na faili zako zote. Kisha nenda kwenye Mipangilio uiondoe akaunti yako ya Google, na baada ya hapo ndipo ukirudishe kishikwambi katika hali ya kiwandani kupitia Mipangilio hiyohiyo. Ukikifuta kwa njia ya vitufe bila kuondoa akaunti, kitakapowashwa kitadai akaunti iliyokuwamo, na muuzaji atakuwa na sababu ya kukwambia kuwa kimefungwa na hakipokeleki. Toa pia laini na kadi ya memori kama uliziweka, na ufike mapema, kabla duka halijajaa watu, ili apatikane wa kukaa nawe akiangalia hizo picha moja baada ya nyingine.